Mbeleko ya Upupu

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali ya Mengo, hapa Kampala, kumjulia hali rafiki aliyelazwa. Nikiwa njiani kwa miguu, nikapita kwenye baraza ambapo mama mmoja husuka mikeka. Alikuwa ameloweka ukindu kwenye beseni la plastiki, na bila shaka alikuwa ameusahau humo siku kadhaa, maana harufu ilinikuta kabla sijaliona beseni lenyewe. Ni harufu ya majani yanayoanza kuoza majini, chachu na nzito, yenye utamu kidogo wa kuchukiza. Nikasimama. Yule mama akaniangalia, akaniita kwa heshima kama Waganda wanavyomwita mwanamke.

"Nnyabo, unataka mkeka?"

Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akaona haya, akadhani namlalamikia, akalisukuma beseni chini ya benchi. Sikuwa na namna ya kumweleza. Nilikaa na mgonjwa wangu saa nzima, na sidhani kama nilisikia alichosema.

Wenzangu mliokulia kama mimi, kwenye vyumba vya kupanga vya familia za askari katika mteremko wa Makindye, mnakumbuka kwamba hakuna chumba kilichokosa mgeni kutoka nyumbani. Alikuja kwa matibabu, au kwa shule, au kwa sababu ambayo watoto hawakuambiwa, akaondoka baada ya miaka. Mgeni wetu sisi alikuwa Waya. Kwetu kaskazini ndivyo tunavyomwita shangazi, na watoto wa pale uani walinicheka mpaka wakachoka: "Shangazi yako ni waya? Waya wa umeme?"

Alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alifika na furushi moja, amevaa blauzi ya mikono mirefu katikati ya joto, miezi michache baada ya Baba kupelekwa na kikosi chake nje ya nchi. Mama alikuwa mjamzito. Alikuwa ameshazika watoto wawili walionifuata mimi, kwa hiyo ujauzito ule haukuongelewa kwa sauti. Kuhusu Waya nilisikia neno moja tu, Mama akimnong'oneza Mama Sauda, Mnubi aliyekaa chumba kinachotazamana na chetu: "Wamemrudisha." Alilisema kama mtu anayezungumzia sufuria iliyoazimwa. Nikajua ni mume wake aliyemrudisha. Nikadhani ni kwa sababu hakuzaa.

Chini kabisa ya mteremko, pale mtaro ulipoingia kwenye bwawa la mafunjo, palikuwa na ukuta uliobomoka, na nyuma ya ukuta ule palijaa upupu mrefu kunizidi. Waganda waliuita kamyu. Hakuna aliyeugusa. Wavulana walitishana kutupana humo. Siku ya kwanza nilipompeleka Waya kuchota maji kwenye chemchemi, aliuona, akatua dumu chini, akasimama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

"Kumbe na nyinyi mko nayo!"

Akaniambia kwamba kule kwao milimani, karibu na mpaka wa Sudani, wanawake walitengeneza nyuzi kutokana na mmea ule, nyuzi za mifuko, za nyavu, na za mbeleko za kubebea watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, alichokiokota kwa Babu aliyekuwa askari zamani, na hakijali sarufi ya mwalimu wangu. "Hapa mnanunua kamba ya plastiki, na uzi imewajaa mlangoni," alisema. Kisha akalitazama lile gugu kwa muda. "Mtoto ya ndugu yangu hatabebwa na shuka ya duka. Mimi nitamfumia mbeleko."

Kesho yake tulikwenda na kisu. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mtoto wa mjini asiyejua kitu, nikashika shina moja. Moto ulipanda mpaka kwenye kwapa. Nililia, nikarukaruka, nikatia mkono kwenye maji ya mtaro. Waya alinipaka matope, akanipuliza, kisha akageuka, akakusanya mashina kwa mikono mitupu kama mtu anayekumbatia kuni.

"Waya, mbona haukuwashi?"

"Nikiwa msichana iliniwasha sana." Alicheka, akaniinulia viganja. "Sasa hii upupu inanijua. Inaniheshimu."

Nilimwamini, na nadhani yeye pia alijiamini.

Kazi ile ilichukua majuma mengi. Aliyaacha mashina yanyauke siku moja, akayapukutisha majani, akayafunga matita na kuyazamisha chini ya mawe ndani ya pipa lililokatwa nusu, nyuma ya mabafu. Siku ya nne harufu ikaanza. Siku ya sita wapangaji walipita wameziba pua, na Mama Sauda akapaza sauti mlangoni kwake, "Nyinyi watu ya kaskazini, mmekufisha nini huko?" Waya alicheka, akampelekea bakuli la karanga. Baadaye alimenya magome yaliyolegea, akayachemsha na majivu juu ya sigiri, akayaponda kwa mti juu ya jiwe, akayasuuza, akayaponda tena. Nyuzi zilipokauka zilikuwa na rangi ya nywele za mzungu mzee. Alizisokota juu ya paja lake, mchana kutwa, na kila alipomaliza kipande alininyooshea.

"Shika. Niambie kama imelainika. Isije ikachubua mgongo ya mtoto."

Nilishika, nikafumba macho kama mtu mzima, nikasema bado, au nikasema tayari. Niliposema bado, aliponda tena bila kubisha. Niliona fahari ambayo sijawahi kuipata tena katika kazi yoyote. Nilidhani ananifundisha.

Siku moja sufuria ya majivu ilikuwa ikitokota, naye akatia mkono ndani mpaka kwenye kifundo, akatoa fungu la nyuzi likitiririka maji. Nilipiga kelele. Alinitazama kwa mshangao, kisha akautazama mkono. "Ah," alisema. Asubuhi yake ulikuwa na malengelenge makubwa kama zabibu, akaniuliza kwa upole, "Nini imeniuma usiku?"

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nikiwa shuleni sikuwa na cha kujivunia: sikuwa na baiskeli wala televisheni, na baba yangu alikuwa sauti kwenye simu. Sasa nilikuwa na Waya. Niliwaleta watoto wa uani, wawili wawili, nikawapanga nyuma ya mabafu waone mwanamke anayeshika upupu kama mtu anavyoshika sukuma wiki. Aliwafurahisha. Alijipaka majani shavuni mpaka wakapiga mayowe, kwa maana shavuni uliwasha kweli, naye akaruka kama mimi nilivyoruka, watoto wakacheka. Hata hilo halikunifikirisha.

Kwenye chumba cha mwisho alikaa muuguzi wa zahanati ndogo ya barabarani. Sote tulimwita Sista. Jumapili moja nilimkuta akipaka viatu vyake rangi nyeupe mlangoni, nikamhadithia. Nilimhadithia vizuri, kwa mikono na macho. Mwanzoni alikuwa akitabasamu.

"Haumwashi kabisa?"

"Kabisa! Hata maji yanayochemka hayamwunguzi. Anatia mkono hivi!"

Brashi ilisimama. "Na ana mabaka kwenye ngozi? Meupe meupe?"

Nilifurahi kwamba alijua. Nilikuwa nimeyaona mabaka hayo mara moja Waya alipokuwa akioga, mgongoni na kwenye mikono, pale ambapo blauzi ilifunika. Nilidhani ni majivu yaliyomwingia kazini. Nikasema ndiyo, mengi. Sista akafunga kopo la rangi, akanawa mikono, akaingia ndani kuchukua pamba.

Alimkuta Waya kwenye mkeka, chumbani kwetu, anasokota. Mama alikuwa ameketi kitandani. Sista alizungumza kwa heshima, akapiga magoti kwanza kumsalimu, kisha akaomba apime mikono yake kidogo. Alisokota pamba ikawa na ncha kama uzi. "Mama, fumba macho. Kila nikikugusa, sema hapa."

"Haya, anza," alisema Waya, akafumba macho, amenyoosha mikono yake miwili kama mtoto anayesubiri zawadi.

Sista aligusa nyuma ya mkono. Aligusa kidole kidogo. Aligusa kando ya kiganja, kisha tena mkono wa pili. Waya alisubiri, uso wake umetulia. Niliona pamba inatua na kuinuka, inatua na kuinuka, na nikaelewa kwamba lilikuwa jaribio na mtu wangu alikuwa anafeli. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Sista alipogusa tena, nilimkanyaga Waya kidogo pajani kwa dole gumba la mguu.

"Hapa!" alisema Waya.

Pamba ikatua. Nikakanyaga. "Hapa!" Alitabasamu akiwa amefumba macho. Mara ya tatu Sista hakutazama mkono, alitazama mguu wangu. Hakunigombeza. "Mpenzi wangu, toka nje kidogo," alisema.

Nilisimama nyuma ya pazia la mlango. Kupitia upenyo niliiona pamba ikiendelea kutua. Kisha nikasikia sauti ya Waya, yenye subira, na wasiwasi kidogo sasa: "Anza basi, mwanangu. Nangoja."

Ulikuwa ukoma. Sista alilitaja jina taratibu, na papo hapo akaendelea kueleza, haraka, kwamba si laana, kwamba vidonge vyake vipo na vinaua ugonjwa, kwamba akishaanza kuvimeza hatamwambukiza mtu. Mishipa ya fahamu iliyokufa ndiyo isiyorudi, na vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimeanza kujikunja na sisi tukadhani ni kazi, havitanyooka. Mama aliuliza swali moja. "Na huyu aliye tumboni?" Sista akamjibu kwamba hakuna hatari. Mama akaitikia kwa kichwa, tena na tena. Lakini viganja vyake vilikuwa vimelifunika tumbo, na sikuviona vikiondoka pale siku zilizofuata.

Leo najua kwamba mdomo wangu ulimsaidia. Bila majigambo yangu angeendelea kuungua na kujikata mpaka aishiwe na vidole. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Mtoto yule wa miaka minane hakujua. Alichojua ni kwamba asubuhi Waya alikuwa mwanamke anayeheshimiwa na upupu, na jioni alikuwa mgonjwa, na katikati palikuwa na maneno yangu.

Uani hapakuwa na siri. Watoto niliokuwa nimewapanga foleni walirudi kwa mama zao na hadithi, na mama zao wakaunganisha. Neno la Kiganda la ukoma, bigenge, likaanza kusemwa tulipopita. Kwenye chemchemi wanawake walisogeza madumu yao. Mama Sauda peke yake ndiye aliyeendelea kumletea Waya chai, na hata yeye kikombe hakukidai kirudi. Mtunza nyumba akaja, akasimama mbali, akasema wapangaji wanalalamika. Baba alipopiga simu, Mama alizungumza naye akitazama ukuta, kisha akaiweka simu mezani ili Waya aichukue mwenyewe.

"Ndiyo," alisema Waya. "Ndiyo, ndugu yangu. Nimesikia."

Iliamuliwa aende hospitali moja ya mbali, mashariki, safari ya siku nzima, ambako wagonjwa wa namna yake waliwekwa na kutibiwa. Waya hakupinga. Aliomba kitu kimoja: amalize mbeleko kwanza.

Alifumia nyuma ya mabafu, peke yake, nyuzi za mtande zimevutwa baina ya vigingi viwili, uzi wa mshindio ukipita juu na chini, polepole. Mama alikuwa ameniamuru nisiguse chochote. Nilikaa juu ya tofali, hatua kama tano hivi, nikamtazama. Siku ya kwanza alifuma kipande, akakichomoa kigingini, akaninyooshea kama kawaida.

"Shika. Imelainika?"

Niliweka mikono nyuma.

Alibaki amenyoosha mkono kwa muda, kama aliyefikiri sijasikia. Kisha akaelewa. Alikirudisha kipande kigingini, akaendelea, na hakuniuliza tena. Ningeweza kusimama na kwenda kushika. Hatua zile tano nazihesabu mpaka leo. Lakini nilikuwa na mama mwenye tumbo ndani, na shangazi mwenye uzi nje, na kila mmoja nilimwogopea kifo.

Alimaliza. Ilikuwa vipande viwili vyembamba vilivyoshonwa pamoja, rangi ya mchanga, na kwenye pindo aliweka vifundo vidogo ambavyo alisema kwao humtakia mtoto miguu yenye nguvu. Mama alipiga magoti kuipokea, na tumbo lake lile, kwa mikono miwili.

"Asante sana, wifi."

"Ioshe mara mbili kabla ya kumbeba. Itazidi kulainika."

Waya aliondoka asubuhi, Sista akimsindikiza. Alinipungia mkono kutoka mbali, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki mbali.

Mchana wa siku hiyo hiyo Mama aliniita. Alikuwa na mbeleko ndani ya mfuko wa plastiki. Tulikwenda hadi kwenye choo cha shimo cha uani. "Shika mlango," aliniambia. Alisimama ndani muda mrefu. Nilisikia akilia, na sikuwahi kumsikia Mama akilia, hata kwenye mazishi. "Nimezika wawili," alisema, na hakuwa akiniambia mimi. Kisha nikasikia mfuko ukianguka. Nilikuwa nimeushika mlango kwa nguvu zangu zote, kama nilivyoambiwa.

Mdogo wangu alizaliwa mzima, mwenye sauti kubwa. Mama alimbeba kwa shuka la dukani. Alipokuwa na miezi mitatu simu ililia, Mama akaona namba ngeni, akanipa niipokee. Alikuwa Waya, ameazima simu ya muuguzi. Aliuliza habari za kila mtu. Kisha akauliza: "Na mbeleko? Haimchubui mtoto?"

Mama alikuwa mbele yangu, mtoto mgongoni. Alisikia. Hakutingisha kichwa wala hakuniashiria chochote, alinitazama tu.

"Haimchubui, Waya. Analala humo vizuri."

"Imelainika?"

"Imelainika."

Alishukuru sana. Alipiga tena mara nyingi miaka iliyofuata, na kila mara aliuliza jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Je, mgongo wake mzuri? Hakuwa na vipele? Nami nilijibu. Ugonjwa ulikwisha ndani ya mwaka, kama Sista alivyosema, lakini Waya hakurudi. Alipewa kibanda karibu na hospitali ile, akapanda mihogo, akakaa na wengine waliopona ambao pia kwao hawakuitwa.

Mama alifariki nilipokuwa chuoni. Hatukuwahi kulizungumzia jambo la chooni. Baada ya matanga nilipanda basi na mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, tukaenda kumwona Waya kwa mara ya kwanza. Safari nzima nilimfundisha la kusema. Alinisikiliza, akauliza, "Kwa nini tusimwambie ukweli?" Nilitazama miwa inavyopita dirishani.

Waya alikuwa amezeeka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kabisa, viganja vimekuwa ngumi mbili. Hakuwa amefuma kitu chochote tangu ile mbeleko. Majirani zake watatu walikuja kutuangalia, wote wanawake, na wote walijua habari ya kijana huyu na kitambaa chake, walikuwa wamehadithiwa. Mmoja alimwuliza mdogo wangu kama anakumbuka kubebwa. "Kidogo," alijibu, kama nilivyomfundisha.

Waya alimwomba ageuke na kuinua shati. "Nisamehe, baba," alisema. "Nilikuwa sisikii uzi na mikono. Nilifuma tu kwa kukisia. Na huyu msichana wangu aliyekuwa akinishikia, mwisho alishindwa. Basi miaka yote hii nafikiri, labda niliacha mahali ngumu, labda ilikukata, na watu wananificha."

Alikaribia. Mikono yake isingemwambia kitu, kwa hiyo aliinama, akaweka shavu lake kwenye mgongo wa mdogo wangu, chini ya mabega, akalitembeza taratibu mpaka kiunoni, na upande wa pili akapanda tena. Mdogo wangu alisimama wima. Macho yake yalikuwa kwangu.

"Haina kovu," alisema Waya. Aliwageukia wale wanawake watatu, machozi yanamtiririka. "Mnaona? Haina hata kovu moja. Basi niliiponda vizuri."